Risiti ya nani?

Kodi nalipa mimi, miezi sita kwa mkupuo, tena kwa simu yangu. Lakini risiti mwenye nyumba anaandika jina la mume wangu! Nikimuuliza: "Aa, mama, si ndiye kichwa cha familia?" Kichwa chenyewe muda huo kimeinama uani, kinachambua dagaa (na ugali wake hauna madonge, mimi wangu unayo). Ajira yake iliisha, vijora vyangu vikapata wateja, basi. Shemeji naye ananitajia Sheria ya Ndoa ya 1971, eti mume ndiye amtunze mke. Soma hadi mwisho, shem! Mume akiugua asiweze kujitafutia riziki, mke mwenye uwezo naye anawajibika. Januari silipi mpaka nione jina langu.