Suruali Iliyochanika Vibaya

Mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Nakuru, cheo ambacho majirani zangu wa Kaptembwo wanakisikia kama cha jaji, ingawa mshahara wake unasema mengine kabisa. Leo asubuhi mwakilishi wa mnunuzi alichomoa suruali 80 kutoka katika shehena ya suruali 1,200, kama jedwali la sampuli linavyoagiza, na kwa kuwa jedwali hilo, kwa kiwango cha kasoro zinazokubalika cha 2.5, huvumilia kasoro tano tu, yeye akapata sita. Shehena nzima ikarudishwa. Tano za kwanza zilikuwa mishono iliyoruka na kifungo kilicholegea, na sina ugomvi nazo. Ya sita ndiyo iliyoninyima chai ya saa nne.

Suruali hiyo ilikataliwa kwa sababu ilichanika vibaya. Naomba nieleweke: haikukataliwa kwa kuchanika. Hizi ni jinzi ambazo ni lazima zichanike, na karatasi ya vipimo inataka mpasuko wa goti la kushoto uwe na sentimita saba, ukizidi au kupungua isiwe zaidi ya sentimita moja. Huu ulikuwa na sentimita tisa na nusu. Nikatumwa kwa mama anayepiga msasa, yaani anayezichana kwa jiwe la kusagia.

“Mama, suruali hii imerudi.”

“Imefanya nini?”

“Imechanika.”

Aliitazama suruali, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. “Si ndiyo kazi mliyoniajiri?”

Nilimweleza kwa upole kwamba imechanika kupita kiasi, nikatandaza futi ya kupimia juu ya meza ili sheria ijisemee yenyewe. Yeye akawaita wenzake wa meza ya pili: “Njooni mwone, kijana huyu anapima tundu!” Wakaja wote, ingawa ubao wa malengo ya saa ulikuwa ukionyesha kwamba tuko nyuma.

“Mwanangu, atakayeivaa akipiga magoti kanisani Jumapili moja tu, hilo tundu litabaki sentimita saba?”

Swali hilo halimo katika jedwali. Akaniambia basi nilete uzi alishone kidogo, lipungue. Ikanibidi kueleza, mbele ya hadhara, kwamba mpasuko ukishonwa unahesabiwa kuwa kiraka, na kiraka ni kasoro.

“Kwa hiyo tundu ni zuri, kiraka ndicho kibaya.”

“Ndiyo, mama.”

“Kijana wangu alirudishwa kutoka shule jana kwa sababu ya kaptula. Goti lilo hilo la kushoto. Nikuletee uipime?”

Walicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini, na aliyekemewa ni mimi, kwa kuchelewesha uzalishaji. Hapo heshima ya cheo ikaniponyoka. Jiwe la kusagia la mama huyo limechakaa, linauma kitambaa na kukirarua pasipotakiwa, na ombi la kulibadilisha niliandika mimi mwenyewe. Lakini jiwe halikaripiwi, wala aliyelikalia ombi langu hakaripiwi. Anayeshona ananiona mimi ndiye ninayemkata pesa ya malengo, mnunuzi ananiona kipofu, na ofisi inataka nikague haraka na kwa makini, kana kwamba mambo hayo mawili yamewahi kupanda matatu moja.

Sasa suruali zote 1,200 zinakaguliwa upya, goti kwa goti. Saa nane stima ikapotea, tukazisogeza meza dirishani. Iliporudi, sindano ikavunjika katika mstari wa tatu, na utaratibu unajulikana: hakuna anayepewa sindano mpya mpaka vipande vyote vya ile ya zamani vikusanywe na kubandikwa kwenye karatasi, kwa sababu chuma kikibaki ndani ya nguo kitamchoma mtu ng’ambo. Sumaku ya kusakia imeazimwa na watu wa stoo, ambao nao wanasema waliirudisha. Kwa hiyo mafundi wa mstari mzima wamepiga magoti sakafuni wakitafuta ncha, na msimamizi ameshaniuliza mara mbili kwa nini hakuna anayeshona.