Taa za Rangi Hazihariri Video

Hili linakera mno. Mtu anaingia dukani mjini Unguja, anasema anataka kompyuta ya kuhariri video za harusi, na kitu cha kwanza anachooneshwa ni kasha la kioo lenye taa. Jamani!

Tazameni jina la prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Intel yenye F mwishoni, kama i5-12400F, haina chipu ya picha ndani. Bei yake ni rahisi kidogo, ndiyo maana mteja husukumiwa hiyo. Lakini kamera nyingi za sasa hurekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi, na chipu hiyo iliyokosekana ndiyo inayoifungua kwa wepesi. Kadi za picha za Nvidia za kabla ya toleo la RTX 50 haziifungui. Basi bi harusi anashuka ngazi kwa kukwamakwama, na kadi ya bei mbaya imekaa tu. Chukueni i5-12400 isiyo na F.

RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta: vijiti viwili vya GB 16, si kimoja.

Na ile pawa saplai ya bure ya kwenye kasha, kwa umeme wetu huu unaopanda na kushuka? Ikiungua huweza kuondoka na mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Wati 650 za kampuni inayojulikana, na UPS, betri ya akiba, pembeni.