Samaki Waliotoka Jasho

Sambaza, samaki mdogo wa Ziwa Kivu, ana urefu wa kidole. Mimi nilipomtengeneza kwa mabaki nilimpa sentimita 40, maana mtu anayepita Bukavu juu ya pikipiki hageuzi shingo kwa ajili ya kidole. Niliwatengeneza 180, kundi zima, nikawaning'iniza kati ya mikaratusi miwili kando ya njia ya ziwani, mita 3 kutoka chini.

Mgongo ulikuwa mfuko wa mchele wa kilo 50. Unaukata kwa kuzunguka kuanzia mdomoni, utepe mmoja wa sentimita 2 usiokatika, kisha ukingo unaupitisha kwenye mwali wa mshumaa usifumuke. Pitisha upesi; ukizubaa unajikunja kama nywele iliyoungua. Ndani, chupa ya nusu lita, ndugu wa zile zinazoelea hadi bwawa la umeme la Ruzizi na kuziba mitambo.

Tumbo ndilo lililoniponza. Nililifuma kwa kroshe, sindano ya milimita 10, kwa mabaki ya vitenge vya buluu kutoka kwa mafundi cherehani wa Kadutu. Gramu 120 kila samaki, jumla kilo 21 na ushee. Kamba ya nailoni ya milimita 6 ikabeba bila kulalamika.

Ijumaa usiku mvua ikashuka, ile ya Bukavu isiyobisha hodi.

Mfuko wa mchele haunywi maji. Pamba ya kitenge inakunywa, tena haijui kusema basi. Samaki mmoja nilimpima baadaye: gramu 300. Zidisha mwenyewe, ni kilo 54. Na nailoni ikilowa inarefuka. Kufika asubuhi, kundi lilikuwa limeshuka hadi juu kidogo ya vichwa vya watu, linaogelea taratibu kwa upepo.

Watu wa harusi wakadhani ni mapambo yao. Mpiga picha akamsimamisha bibi harusi katikati kabisa. "Mama, inua kidevu kidogo."

Mama muuza sambaza, beseni kichwani, ndiye aliyeona kwanza. "Papa! Samaki yako inatoka jasho!"

Jasho la buluu. Kitenge cha bei ya chini kina rangi ya ziada ambayo haikushika uzi, na inatoka maji ya kwanza, ya tatu, hata ya tano. Nilikuwa nimeloweka vipande kwenye chumvi usiku kucha, dawa ya kila shangazi. Chumvi haifungi rangi hiyo. Kinachosaidia ni maji ya moto na sabuni, unarudia hadi maji yatoke meupe. Mimi nilirudia mara moja. Bomba lilikuwa limekauka.

Bwana harusi akatoa leso, akapangusa bega la mkewe kwa upendo. Matone matatu yakawa ziwa, na visiwa vyake.

Gauni lilikuwa la kukodi. Jumatatu mwenye duka akaniita, akalitandaza mezani, akaniuliza kwa upole kama rangi hii inaweza kutoka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi: kutoka ndiyo kazi yake.