Mama Xerxes na nguo za mwanawe

Nimerudia kusoma Waajemi, mchezo wa kuigiza wa Mgiriki wa kale Aeschylus, wiki hii na nimemaliza nikiwa na hasira kidogo, sio na mchezo, ila na wasomaji wanaomcheka mama wa mfalme. Eti mwanamke gani huyu, jeshi zima limezama, nchi haina vijana tena, yeye kinachomuuma kuliko vyote ni kusikia nguo za mwanawe zimechanika. Mimi nasema hapo hapo ndipo mchezo ulipo.

Kwa ambao hamjausoma, uliigizwa Athens mwaka 472 KK na ndio mchezo mkongwe kuliko yote ya Kigiriki iliyotufikia mizima. Mambo yote yanatokea Susa, kwa Waajemi, wazee (ndio kwaya ya mchezo) wamekaa wanasubiri habari za mfalme wao Xerxes (wengi wanasema ndiye Ahasuero wa kwenye kitabu cha Esta) aliyekusanya watu kwenda kuipiga Ugiriki. Habari zenyewe watazamaji wanazijua tayari, vita vya baharini vya Salamis, ambako Waajemi walishindwa, vilikuwa 480 KK, miaka 8 tu nyuma, yaani kwenye yale mabenchi walikaa watu waliovuta makasia siku ile, watu ambao mji wao ulichomwa moto na hao hao Waajemi, na Aeschylus mwenyewe alishapigana nao kwenye vita vya Marathon 490 KK. Sasa mtu wa namna hiyo, akiwa na Pericles kijana (huyo aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa Athens) anayelipia kwaya, anapanda jukwaani na kuwaonyesha wenzake adui analia. Na hamtaji Mgiriki hata mmoja kwa jina! Majina ni ya Waajemi tu, marehemu mmoja baada ya mwingine, huyu kagonga mwamba, huyu mawimbi yanamsukuma, unajikuta unahesabu maiti za watu waliokuja kukuua.

Mjumbe anapoelezea Salamis kuna sehemu inanikamata kila mara kwa sababu nimekulia pwani. Anasema Wagiriki walichukua makasia yaliyovunjika na vipande vya mbao za meli wakawa wanawapiga watu majini kama jodari. Ukishaona jodari mkubwa anavyotolewa baharini, anavyopigwa kichwani kwa rungu hadi atulie, na damu inavyotapakaa kwenye ubao wa mashua, hiyo mistari huisomi haraka. Aliyeandika hivyo kaona wavuvi kazini, hakukisia.

Haya turudi kwenye nguo. Mama huyu jina lake la Atossa halitajwi kabisa kwenye mazungumzo, ni malkia, ni mke wa Darius, mfalme aliyetangulia na sasa ni marehemu, ni mama wa Xerxes, kwetu tungemuita Mama Xerxes na mambo yakaisha. Mara ya kwanza anaingia na gari la farasi na mapambo yake yote. Anasimulia ndoto, wanawake wawili waliovaa vizuri, mmoja Kiajemi mmoja Kigiriki, Xerxes kawafunga nira moja, wa Kiajemi katulia, wa pili kaivunja, kijana kaanguka, akamwona baba yake amesimama anamsikitikia akaanza kujichania nguo. Nguo tayari! Baadaye mjumbe anasema Xerxes alikuwa amekaa kilimani anaangalia watu wake wanavyokwisha, akapiga yowe akachana vazi lake. Mama akirudi mara ya pili hana gari wala yale mapambo, anakuja kwa miguu na sadaka za kaburini. Mzimu wa Darius unapandishwa, unalaumu daraja ambalo Xerxes alilijenga kuvusha jeshi kwenye mlango wa bahari wa Hellespont na kiburi cha kijana, halafu unamalizia kwa kumwagiza mama akachukue nguo za heshima akampokee mwanawe kwa sababu amebaki na matambara. Kwahiyo anayemcheka mama amcheke na Darius pia.

Nimeliona hili kwenye msiba wa kwetu. Mume wa shangazi kafariki alfajiri, saa tatu asubuhi shangazi yuko uani na pasi ya mkaa ananyoosha shati la mwanawe aliyekuwa njiani anatoka mkoani, watu wanamwambia acha bana tutafanya sisi, anasema hawezi kuingia mbele za watu amejikunja kama kitambaa cha deki. Hakuna aliyedhani hamlilii mumewe.

Ila kuna upande mwingine na hapa ndio naona Aeschylus mjanja sana. Mwanzoni kabisa, kabla habari mbaya hazijafika, mama alishawaambia wazee kwamba mwanawe akishinda atasifiwa, akishindwa hawajibiki kwa raia, mradi karudi salama ataendelea kutawala kama kawaida. Kalisema kama jambo la kawaida tu, na fikiria limesikikaje masikioni mwa watu wa Athens ambao kiongozi wao anaweza kuitwa akajieleze. Na mjumbe akishatangaza msiba swali la kwanza la mama ni nani hajafa, mjumbe anamwelewa haraka, Xerxes yupo hai, naye anasema umeiletea nyumba yangu mwanga. Nyumba yake. Kwahiyo zile nguo ni upendo wa mama, sikatai, lakini pia ni siasa, ukimvisha kabla watu hawajamwona vizuri, basi amerudi kuwa mfalme na hakuna wa kuuliza chochote.

Na Aeschylus anakataa kumvisha. Mama anatoka kwenda kuchukua nguo, kaahidi hatamtupa mwanawe kwenye shida, kwaya inaimba, halafu anaingia Xerxes peke yake na matambara yake, podo tupu mkononi ndio kilichobaki, na wazee, wale wale waliokuwa wanamsujudia mama, wanamuuliza usoni fulani yuko wapi, fulani umemwacha wapi. Mama haonekani tena. Wapo wanaosema sababu ni ya kiufundi tu, waigizaji wenye maneno wakati ule walikuwa 2, huenda aliyekuwa mama yuko nyuma anavua gauni avae matambara ya mwana. Sawa, inawezekana. Mimi hata hivyo kila nikifika pale bado namwangalia mlangoni, nione kama anakuja na lile joho mkononi.