Figo za majeruhi: tuwahi Bugando au tusubiri?

Chukua mfano wa kijana wa bodaboda aliyevaana na lori barabara ya Urambo. Paja limesagika, damu imemwagika njiani, na sasa yuko ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) Tabora kwenye hospitali isiyo na mashine ya kusafisha damu. Siku ya pili mkojo kwenye mfuko umekuwa kama chai ya mkandaa, tena kidogo. Ndugu zake kwenye benchi wana swali moja: "Dokta, kwa nini asipelekwe Bugando leo, kabla figo hazijafa?" Bugando ni hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza, na mashine wanayo.

Hoja yao ina uzito. Mtu aliyepoteza damu nyingi, figo zake hukosa damu pia. Juu ya hapo, msuli uliopondwa humwaga mayoglobini, protini inayoharibu mirija ya figo; Bywaters na Beall walieleza hali hii mwaka 1941 kwa watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya mabomu London. Msuli huohuo humwaga potasiamu, na potasiamu ikipanda mno moyo unasimama.

Lakini kuwahi mashine hakujathibitika kuokoa maisha. Utafiti mkubwa wa STARRT-AKI, uliochapishwa 2020 ukihusisha wagonjwa karibu 3,000 wa ICU, ulilinganisha walioanzishiwa mashine mapema na waliosubirishwa hadi iwe lazima. Ndani ya siku 90 walikufa asilimia 43.9 ya walioanza mapema, na 43.7 ya waliosubirishwa. Katika waliosubirishwa, zaidi ya theluthi moja hawakuwekewa mashine kabisa. Na miongoni mwa walionusurika, walioanza mapema ndio waliobaki wakitegemea mashine kwa wingi zaidi.

Ningeishia hapo kama ningekuwa naandikia wasomaji wa Paris. Wale waliosubirishwa walikuwa na mashine karibu na kitanda, potasiamu ikipimwa mara kwa mara, na wengi wao walikuwa na maambukizi makali, si majeruhi. Kusubiri kwao kulikuwa umbali wa korido. Kwetu ni kupita Nzega, Shinyanga, hadi Mwanza. Tena kusubiri kuna kikomo: utafiti mwingine, AKIKI 2 wa mwaka 2021, ulivuta muda zaidi, haukupata faida, na kulikuwa na dalili ya madhara.

Upande wa pili, safari nayo si dawa. Mgonjwa ambaye presha bado inayumba anaweza kufia njiani, na nesi atakayepanda ambulensi ni yuleyule aliyekuwa akiwahudumia wengine wodini.

Mimi naegemea kusubiri, ila kusubiri kwa macho. Mgonjwa wa kilo 60 anatakiwa kutoa mkojo angalau mililita 30 kwa saa, yaani vijiko viwili vya chakula. Akiwa chini ya hapo saa sita mfululizo, tayari figo zimeumia, hata kama kreatinini ya asubuhi (taka ya damuni inayopimwa kujua hali ya figo) inaonekana nzuri, maana yenyewe huchelewa kupanda. Kipimo cha mkojo hakihitaji umeme. Kinahitaji mtu wa kusoma mfuko kila saa, saa tisa usiku ikiwemo, na kuandika. "Mkojo upo" si kipimo.

(Na zile sindano za maumivu za daiklofenaki anazochomwa majeruhi kituo cha kwanza, kabla hajaongezewa hata dripu, jamani! Dawa hiyo inapunguza damu inayofika kwenye figo ambazo tayari zina kiu.)

Simu ya rufaa nayo isingoje dharura. Ningeipiga pale saa sita za mkojo mdogo zinapotimia licha ya damu na maji ya kutosha, au potasiamu inapoanza kupanda kipimo hadi kipimo. Kupiga simu si kuondoka: Bugando wajue, ambulensi ijazwe mafuta, ndugu waelezwe. Mkojo ukirudi usiku huo, safari inaahirishwa.