Mzee asiyekumbuka alichofanya, afungwe?

Watu wakisikia metafizikia, tawi mojawapo la falsafa, wanadhani ni mambo ya mizimu na nyota, kumbe jina lenyewe limetokana na mpangilio wa vitabu tu, maandishi fulani ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yaliwekwa baada ya yale ya fizikia yakaitwa hivyo, yeye mwenyewe hilo neno hakulitumia.

Kinachoniudhi ni vile falsafa inafundishwa kama kabati la droo. Metafizikia nini kipo, epistemolojia tunajuaje, maadili tutendeje, mantiki hoja ipi inasimama, ujumi uzuri ni nini, unakariri unafanya mtihani unasahau. Ila maswali yenyewe hayakai kwenye droo hata siku moja.

Chukua ile meli ya Theseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, mbao zilikuwa zikioza zinabadilishwa moja moja, watu wakabishana kama bado ni ile ile. Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1655 akaizidisha chumvi, je kama mtu aliokota zile mbao kuukuu zote akaunda meli nyingine, ipi sasa ndo ya Theseus? Mi nilidhani ni ubishi wa watu wasio na kazi, mpaka nilipoiondoa meli nikaweka mtu.

Mtu kaua akiwa na miaka 20, anakamatwa ana 80 na hakumbuki kitu kabisa. Ni yule yule? Locke, naye mwanafalsafa Mwingereza, angesema kinachokufanya wewe uwe wewe ni kukumbuka, kwa hiyo huyu mzee siye. Thomas Reid, mwanafalsafa wa Uskoti, akamjibu mwaka 1785: jenerali anakumbuka alivyokuwa ofisa kijana, yule ofisa alikumbuka alivyochapwa utotoni, ila jenerali kile kiboko kashakisahau, basi kwa hesabu ya Locke jenerali ni yule ofisa, ofisa ni yule mtoto, kwa hiyo jenerali ni yule mtoto, na papo hapo siye kwa kuwa hakumbuki! Hapo mantiki imeshaingia bila hodi. Af mahakama itajuaje kama mzee kasahau kweli au anajifanya? Locke mwenyewe aliliona hilo, akasema mlevi anaadhibiwa kwa sababu kitendo kinathibitika ila kutojitambua kwake hakuthibitiki. Hiyo ni epistemolojia, na yupo mtu anaenda jela kwa ajili yake.

Mi namfuata Reid, mzee ni yule yule, maisha yake hayajakatika popote hata kama kumbukumbu imekatika. Ila kumfunga mtu asiyeelewa anafungwa kwa nini, hapo bado nasita, na kuwa yule yule hakunisaidii kama nilivyotegemea.