Imepigwa kalenda mara ngapi?

Ukitaka kujua hakimu wa mahakama ya mwanzo anavyofanya kazi, anzia kwenye ubao wa matangazo. Katika mahakama moja hapa Kigoma nilikuta karatasi ya mashauri ya wiki, imepauka kwa jua, imeshikiliwa na pini mbili zenye kutu. Majina ya wadai na wadaiwa, jina la hakimu, namba za mashauri. Namba hizo huishia na mwaka ambao shauri lilifunguliwa, kwa hiyo mwenye kalamu anaweza kupiga hesabu palepale barazani: hili la juzi, hili linaingia mwaka wa pili. Mama aliyekaa kwenye benchi, muuza dagaa wa Kibirizi, hakuhitaji kalamu. Kesi yake ilikuwa imepigwa kalenda, yaani kuahirishwa, mara sita na zote alizikumbuka, maana kila moja ilimla nauli ya bodaboda na siku nzima ya biashara.

Je, taarifa za namna hiyo, za kila hakimu na kila jaji, ziwekwe wazi kwa wananchi? Mimi nasema ziwekwe. Ila si zote, na si kwa namna wanayoitaka wengi wanaolipigia kelele jambo hili.

Kwanza, taarifa zipo tayari. Mahakama yenyewe imejiwekea muda: shauri lisizidi miezi 6 mahakama ya mwanzo, miezi 12 mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi, miezi 24 Mahakama Kuu. Likipita hapo linahesabiwa kuwa mlundikano. Yapo pia malengo ya idadi, mashauri 260 kwa mwaka kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo na 220 kwa jaji wa Mahakama Kuu. Hesabu hizo hujazwa, zikapanda kwa hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, kwa jaji mfawidhi, hadi makao makuu Dodoma. Kupanda zinapanda, kushuka ndiko hazishuki. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 imeunda kamati za maadili za kuangalia mwenendo wa mahakimu: ya mkoa mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa, ya wilaya ni mkuu wa wilaya. Yaani mtu wa serikali anaweza kukaa akajadili mwenendo wa hakimu, lakini mama wa Kibirizi, mwenye nauli yake, hana pa kusoma chochote. Hili sijapata wa kunieleza nikaelewa.

Wanaopinga wana hoja, na si za kubeza. Uhuru wa mahakama umo ndani ya Katiba, ibara ya 107B. Na mji wetu ni mdogo: hakimu ananunua mawese soko lilelile, watoto wake wanasoma darasa moja na watoto wa mtu aliyemhukumu. Ukiruhusu kila aliyepita mahakamani ampe hakimu alama, kama tunavyofanya kwa dereva wa teksi ya kuita kwa simu, umemkabidhi fimbo kila aliyeshindwa kesi. Ufaransa walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya 2019 inakataza kutumia majina ya majaji kuchambua na kulinganisha namna wanavyoamua, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Hapo wamepitiliza. Upande wa pili kuna jimbo la Colorado, Marekani, ambako tangu 1988 tume maalumu humpima jaji na kutangaza matokeo kabla wananchi hawajapiga kura abaki au aondoke. Sisi hatupigi kura hiyo. Majaji huteuliwa na Rais, mahakimu na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kuiga Colorado ni kununua kasia wakati mtumbwi huna.

Kinachonisumbua zaidi ni namba zenyewe. Chukua hiyo 260. Mirathi isiyo na pingamizi inahesabiwa moja. Mirathi ya wake wawili, nyumba moja Ujiji na shamba la michikichi ambalo kila upande una mashahidi wake, nayo ni moja. Hakimu mjanja akifika Desemba anajua afunge zipi.

Rufaa ndiyo hudanganya kuliko zote. Wengi hupendekeza hakimu apimwe kwa hukumu zake zilizotenguliwa. Sasa angalia: rufaa kutoka mahakama ya mwanzo hukatwa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Mfanyabiashara wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, ataifuatilia nakala ya hukumu, atamlipa wakili, atakata. Mkulima wa muhogo kijijini Kasulu, siku 30 zinaweza kumwishia akiwa bado anaitafuta hiyo nakala, au kishoka, wakili wa bandia, ameshakula hela ya kumwandikia sababu za rufaa. Matokeo yake, hakimu anayewaumiza wasio na kitu ndiye atakayeonekana msafi, na anayewahukumia wenye mawakili ataonekana kila siku anakosea. Namba hiyo ikiwa itatolewa peke yake, afadhali isitolewe.

Kwa ngazi ya juu mlango umeshafunguliwa. Hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, na jina la jaji limo. Nyingi ni za Kiingereza, ingawa sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kwa hiyo yule mama wa dagaa bado yuko nje ya mlango huo. Na ugomvi wa mashamba huanzia kwenye mabaraza ya ardhi, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa chini ya Wizara ya Ardhi, kwa hiyo hata mahakama ikijifungua kiasi gani, shimo hilo litabaki kwa muda wote yatakapokuwa huko.

Ningebandika nini mimi? Tarehe shauri lilipofunguliwa, mara lilizoahirishwa, siku hukumu iliposomwa, siku nakala ilipotoka. Na safu moja zaidi: sababu ya kila ahirisho. Kuna mahakimu wanaohudumia mahakama mbili au tatu kwa zamu. Siku yupo kituo kingine kesi za huku zinapigwa kalenda, na lawama anabeba yeye badala ya aliyeshindwa kuleta hakimu wa pili. Hakimu mmoja niliyempa wazo hili alicheka, akasema safu hiyo ingemtetea kuliko wakili. Huenda basi wasioitaka si mahakimu.

Nilimuuliza yule mama sababu za zile kalenda sita. Mara mbili hakimu alikuwa safarini, mara tatu mdaiwa hakutokea. Ya sita karani alitoka, akasoma tarehe mpya, akarudi ndani.